Dereva wa teksi Dubai anauliza: haya magari yanayojiendesha yatatutoa kazini lini?

SWALI: Assalaam aleikum, mhandisi. Mimi ni mtu wa Mombasa, naendesha teksi hapa Dubai. Siku hizi nikisimama kwenye taa naona pembeni yangu gari lenye mitambo juu ya paa, usukani unazunguka wenyewe. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema miaka mitano tu tunarudishwa makwetu, wengine wanasema maneno haya tunayasikia tangu 2016 na hakuna kitu. Nani mkweli? Kama kweli yanaweza kujiendesha, mbona yanachukua muda hivi? Je, yatafika kwetu? Na mpwa wangu yuko Kisauni, anataka nimfanyie mpango aje kuendesha teksi. Nimwambie aje au asije?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Wenzako wote wanasema kweli, ila kila kundi lina gari lake kichwani. Gari la kwenda popote, saa yoyote, mvua au jua, bila binadamu, hilo halijatengenezwa na mtu yeyote duniani, na anayekuambia liko karibu ana hisa za kuuza. Teksi isiyo na dereva inayobeba abiria wa kulipa ndani ya mipaka ya ramani fulani, hiyo ipo, inafanya kazi leo. Sasa wewe angalia ipi inagusa mkate wako. Abiria wako wa Deira kwenda Dubai Mall haendi popote duniani, anakwenda Dubai Mall.

Nianze na wale wanaocheka, kwa sababu wana sababu ya kucheka.

Mwezi Machi 2004 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, ilikusanya magari 15 kwenye jangwa la Mojave ikaweka zawadi ya dola milioni 1 kwa gari litakalomaliza lenyewe njia ya kilomita kama 230. Hakuna lililomaliza. Lililokwenda mbali kuliko yote, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama kabla ya kutimiza kilomita 12. Baada ya miezi 19 mashindano yakarudiwa na magari matano yakafika mwisho, la kwanza likiwa Stanley, la Stanford, lililotumia pungufu kidogo ya saa 7. Kutoka sifuri hadi matano kwa miezi 19! Hapo ndipo watu walipopandwa na wazimu. Google ikawachukua wataalamu wa mashindano yale, ikaanza mradi wake 2009, na ahadi zikaanza kumiminika.

Chris Urmson, aliyekuwa akiongoza mradi huo wa Google, alisimama mbele ya hadhira mwaka 2015 akasema mtoto wake mkubwa ana miaka 11, bado miaka minne na nusu afikie umri wa leseni, na yeye na timu yake wameazimia hilo lisitokee. Miaka hiyo ilikwisha karibu na 2020, na vijana wa Marekani bado wanapanga foleni ya leseni. Elon Musk wa Tesla alisema Oktoba 2016 kwamba kabla ya 2017 kwisha gari lake litatoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Halikwenda. Aprili 2019 akasema mwaka unaofuata kutakuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha. Hazikuwepo.

Hapo kwenu pia mnayo yenu. Mwaka 2016 Dubai ilitangaza mkakati kwamba ifikapo 2030 robo ya safari zote za mjini zitakuwa za vyombo vinavyojiendesha. Aprili 2021 RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai, ikatia saini na kampuni ya Cruise, mali ya General Motors, kuleta teksi hadi 4,000 ifikapo mwaka huohuo wa 2030. Desemba 2024 General Motors wakatangaza kwamba hawatoi tena fedha kwa teksi za Cruise, baada ya kumwaga zaidi ya dola bilioni 10. Kwa hiyo anayekuambia haya maneno anayasikia tangu 2016 hajakosea hata tarehe.

Mbona basi inachukua muda? Watu hudhani shida ni kuendesha. Kuendesha kwenyewe kulishatatuliwa zamani. Mwaka 1995 gari la Profesa Ernst Dickmanns wa Ujerumani lilitoka Munich hadi Denmark na kurudi, sehemu kubwa ya safari likijiendesha, na kwenye barabara kuu za Ujerumani lilifika mwendo wa kilomita 175 kwa saa. 1995! Wengi wa hao wanaokusifia teknolojia hii mpya walikuwa hawajaanza shule.

Hilo gari unaloliona kwenye taa lina macho ya aina tatu. Kamera husoma taa, alama na rangi. Rada hupima umbali na mwendo wa vitu, na ukungu hausumbui sana rada. Ile mitambo ya juu ya paa kwa kawaida ni laida: hurusha miale ya leza mara nyingi mno kwa sekunde, hupima muda wa kila mwale kurudi, na hapo hupata umbo la kila kilichoko jirani, hata gizani. Juu ya hayo yote gari limebeba ramani yake, ambayo si kama ile ya simu yako. Ina kila ukingo wa barabara, kila mstari wa kusimamia, kila taa imening'inia wapi. Gari hulinganisha linachokiona na ramani hiyo, na kwa njia hiyo linajua liko wapi kwa kipimo cha sentimita.

Baada ya hapo kompyuta ina maswali matatu. Hiki ni nini? Kinakwenda wapi? Mimi nifanye nini? Swali la kati ndilo lililokula mabilioni ya dola. Wewe ukimwona kijana wa delivari kwenye pikipiki, ameinamisha kichwa kwenye simu iliyofungwa kwenye usukani, unajua kabla yake kwamba atakata ghafla kuingia njia ya kutokea. Hakuna aliyekufundisha. Unajua kwa sababu wewe ni mtu na yeye ni mtu, na unaijua ile hali ya kuchelewesha chakula cha wateja. Kompyuta haijui njaa wala haraka. Inajua mifano iliyoonyeshwa, na barabara haiishiwi na mambo ambayo hayakuwahi kuonyeshwa. Urmson huyohuyo alionyesha video ya gari la Google lililomkuta mwanamke kwenye kiti cha magurudumu cha umeme, katikati ya barabara, akizunguka kumfukuza bata. Ni nani angekaa ofisini akaandika programu ya jambo hilo? Kwa bahati gari lile lilipunguza mwendo likangoja. Siku nyingine na mahali pengine bahati haikuwepo, na kisa hicho nataka nikusimulie kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mji wa Tempe, jimbo la Arizona. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo, linakwenda kama kilomita 70 kwa saa, na mfanyakazi mmoja ameketi nyuma ya usukani ili aingilie kati likitokea la kutokea. Mwanamke wa miaka 49 anavuka barabara akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Kwa mujibu wa uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo ule, hizo ni zaidi ya mita 100, na nusu yake tu ingetosha gari kusimama.

Lilimwona, halafu likafanya nini? Kwanza likamwita gari. Kisha kitu kisichojulikana. Kisha baiskeli. Kisha likarudia kubadilisha. Na programu ilikuwa imetengenezwa kwa namna kwamba kila likimbadilishia mwanamke yule jina, linasahau mwendo wake wa nyuma, kwa hiyo kila mara linamwona kama kitu kilichoibuka sasa hivi, na haliwezi kukadiria anakoelekea. Tena programu ile haikuwa na nafasi ya mtu anayevuka kwa miguu nje ya kivuko. Fikiri, ndugu yangu: mtu anavuka pasipo na zebra, jambo unaloliona kila siku ya Mungu, na kompyuta haikuwa na pa kuliweka. Ilipotambua hatimaye kwamba ajali inakuja, kulikuwa na sekunde moja ya kusubiri iliyowekwa makusudi, ili gari lisifunge breki ovyo kwa kila mfuko wa plastiki unaopeperuka. Breki za dharura za Volvo yenyewe zilikuwa zimezimwa ili zisigongane na kompyuta ya Uber. Na yule mfanyakazi alikuwa anatazama simu. Mwanamke yule akafa, mtu wa kwanza aliyekuwa akitembea kwa miguu kuuawa na gari la namna hii.

Watu wengi walimlaumu mfanyakazi, na mahakamani baadaye alikiri kosa. Mimi namwona kama askari wa usiku kwenye ghala ambalo haliibiwi: miezi inapita, anakaa, hakuna kitu, na wewe unategemea awe macho dakika ileile moja. Binadamu hakuumbwa hivyo. Google waliligundua hilo mapema. Mwaka 2013 waliwapa baadhi ya wafanyakazi wao magari ya kujiendesha kwenye barabara kuu, wakawaambia wakae macho, wakaweka kamera ndani. John Krafcik, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alieleza baadaye walichokiona: watu wanachezea simu, wanajipodoa, mmoja amelala, gari likiwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Wakaachana na wazo la mashine na mtu kusaidiana. Wakasema ama mashine iendeshe yenyewe, ama isiendeshe. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya kazi hii, na ndio ulioitenganisha kampuni hiyo, ambayo tangu 2016 inaitwa Waymo, na wengine.

Njia ya Tesla ni ile nyingine. Gari linauzwa kwa mtu wa kawaida, linajiendesha sehemu kubwa ya safari, lakini mwenye gari anatakiwa awe macho muda wote, na likigonga lawama ni yake. Mwezi Mei 2016 huko Florida, mtu mmoja alikufa gari lake la Tesla lilipopita chini ya trela jeupe lililokuwa likikata barabara. Mfumo wa gari haukulitofautisha trela na anga jeupe nyuma yake, na dereva naye hakufunga breki. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema gari lake linajiendesha namuuliza swali moja tu: likigonga, analipa nani? Ukiambiwa ni wewe, basi dereva ni wewe, hata kama mikono iko mapajani. Mercedes walileta mfumo ulioitwa Drive Pilot, ulioanza kutumika Ujerumani 2022, wa foleni za barabara kuu, mwanzoni usiozidi kilomita 60 kwa saa. Ulikuwa mdogo sana ukiulinganisha na kelele za Tesla. Lakini Mercedes walisema mfumo wetu ukiwa umewaka na ukakosea, tunabeba sisi. Wahandisi wa magari wamepanga madaraja sita ya mambo haya, kuanzia 0 hadi 5, na unaweza kuyasoma ukipenda, ila swali langu la nani analipa litakutosha barabarani.

Kuna kikwazo kingine, cha hesabu tupu. Binadamu, pamoja na ubaya wetu wote, hatuui mara kwa mara kama tunavyodhani. Marekani, wakati taasisi ya utafiti ya RAND ilipokaa kulipigia hesabu jambo hili mwaka 2016, kifo kilikuwa kimoja na kidogo kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa. Sasa utathibitishaje kwamba mashine si mbaya kuliko hapo? RAND walikuta ingebidi magari yaende maili milioni 275, yaani zaidi ya kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Ukiwa na magari 100, usiku na mchana bila kupumzika, ni zaidi ya miaka 12. Na ukibadilisha programu katikati, gari ulilolithibitisha si lile ulilonalo tena. Kwa hiyo kampuni zinaendesha pia kwenye kompyuta, barabara za kubuni, mabilioni ya maili, na hizo zinasaidia, ila bata wa kubuni ni yule tu uliyewahi kumfikiria.

Haya, sasa nigeukie wenzako wenye hofu, kwa sababu na wao hawaoti.

Waymo walifungua huduma isiyo na dereva kwa umma kwenye vitongoji vya Phoenix, Arizona, Oktoba 2020. San Francisco ikafunguliwa kwa kila mtu Juni 2024, Los Angeles Novemba mwaka huohuo. Ilipofika Aprili 2025 walikuwa wanabeba abiria wa kulipa zaidi ya safari 250,000 kwa wiki. Hakuna mtu kiti cha mbele. Unaita kwa simu, linakuja, unafungua mlango, unakaa nyuma, linakwenda. Abiria wengi wanasema baada ya dakika kumi wanalizoea na kurudi kwenye simu zao. Hilo linapaswa kukusumbua kuliko takwimu yoyote.

Angalia lakini walivyofika hapo. Walichagua mji, wakauchora sentimita kwa sentimita, wakaanza pale palipo rahisi. Phoenix ni jangwa: jua, barabara pana, mistari inaonekana, mvua haba. Gari likikwama, halimwiti mtu ashike usukani kwa mbali kama wengi wanavyodhani. Linatuma swali kwa mfanyakazi aliyeko kituoni. Njia hii imefungwa, nipite huku? Yule anajibu, gari linaendelea lenyewe. Kwa hiyo binadamu hajaondoka, amehamishiwa ofisini, na mmoja anahudumia magari mengi.

Na bado yana vituko. San Francisco mwaka 2023 wanaharakati waligundua kwamba ukichukua ile koni ya rangi ya machungwa ya barabarani ukaiweka juu ya boneti, gari linasimama, linawasha taa za dharura, basi. Halina mkono wa kuitoa. Mwezi Agosti mwaka huo gari la Cruise liliingia kwenye zege bichi likanasa. Desemba 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji huohuo, taa za barabarani zikazimika, na magari ya Waymo yakasimama kwenye makutano yakazuia njia mpaka kampuni ikasitisha huduma kwa muda. Mtu wa Mombasa ambaye taa kuzimika ni habari ya kila wiki lazima acheke kidogo hapo.

Kisa cha Cruise chenyewe hakichekeshi. Tarehe 2 Oktoba 2023, San Francisco, dereva binadamu alimgonga mwanamke akamrusha mbele ya gari la Cruise, kisha akakimbia. Gari la Cruise lilifunga breki, likamgonga, likasimama. Mpaka hapo huwezi kulilaumu sana. Kisha kompyuta ikaamua kwamba imegongwa ubavuni, na ikafanya ilichofundishwa kufanya ikigongwa: kusogea pembeni isizuie njia. Mwanamke alikuwa chini yake. Ilimburura kama mita 6. Dereva yeyote, hata yule mbovu kuliko wote hapo Deira, angejua kuna mtu chini ya gari. Wakubwa wa kampuni nao hawakueleza jambo la kuburura kwa ukamilifu walipokutana na wasimamizi wa serikali. Wiki tatu baadaye California ikawasimamisha vibali, na mwaka mmoja na kitu baadaye zile teksi 4,000 za Dubai zikabaki kwenye makaratasi.

Niseme na msimamo wangu kuhusu ubishi mmoja mkubwa. Tesla wanasema kamera peke yake zinatosha, laida ni gharama ya bure. Juni 2025 walianza teksi zao Austin, Texas, wakiwa na mfanyakazi wa kampuni kiti cha mbele cha abiria. Mimi siwezi kukubaliana nao kwa sasa. Kamera ikipigwa na jua la magharibi au vumbi, haina mwenzake wa kuiuliza. Bei ya laida imeshuka sana, na Wachina wanaziweka hadi kwenye magari ya kawaida ya kuuza. Kuikataa leo ni ubishi zaidi kuliko uhandisi.

Sasa Dubai. Ukiniuliza mji gani duniani unafaa kwa magari haya, nitakutajia Phoenix, halafu nitakutajia huo mlionao. Barabara pana, mistari mipya, mvua siku chache kwa mwaka, serikali moja inayotaka jambo na inayotoa vibali yenyewe. Jirani zenu Abu Dhabi wameshatangulia: Novemba 2025 kampuni ya Kichina ya WeRide, ikishirikiana na Uber, ilianza kubeba abiria wa kulipa kisiwa cha Yas bila mtu yeyote mbele. Kwenu Dubai kampuni zilizopewa nafasi baada ya Cruise ni za Kichina pia, ikiwemo Baidu. Nafikiri hata hivyo ile robo ya safari ya 2030 itahesabiwa kwa ukarimu: treni za Metro hazina dereva tangu 2009, na safari zake si chache.

Yatakayoyachelewesha kwenu ni ukungu wa alfajiri za baridi, vumbi, vijana wa pikipiki, na siku kama ile ya Aprili 2024 mvua ilipozamisha barabara. Siku hiyo ramani ya sentimita haina maana, chini ya maji hakuna mstari. Gari la namna hii likijua haliwezi, linajiegesha. Hilo ni sawa kwa usalama. Lakini mji hauwezi kuegesha teksi zake zote siku ambayo watu wanazihitaji kuliko siku zote, na kwa sababu hiyo madereva mtabakizwa kwa muda mrefu hata kama idadi itapungua.

Dalili za kuangalia, usiangalie matangazo. Angalia kama kiti cha mbele kina mtu. Kikiwa na mtu, hata awe amekunja mikono, hayo bado ni majaribio. Angalia kama wameruhusiwa kuchukua abiria uwanja wa ndege, kwa sababu huko ndiko kwenye msongamano, watu wa kukurupuka, na ndiko kwenye pesa yako pia. Na angalia idadi: magari makumi hayakupunguzii kitu, magari elfu mbili utayasikia kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi.

Kwetu Mombasa? Watu hujibu haraka kwamba haiwezekani kwa sababu ya bodaboda, tuktuk, mikokoteni na matatu inayosimama katikati ya njia kushusha mtu mmoja. Hiyo ni sehemu tu. Kikwazo kikubwa ni pesa. Teksi hizi zinalipa pale ambapo mshahara wa dereva ndio gharama kubwa kuliko zote. Pale ambapo dereva analipwa kidogo na chombo ndicho ghali, hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayenunua gari la mamilioni ili amwepuke mtu wa shilingi elfu moja kwa siku. Yatakapokuja kwetu, yataanzia penye uzio: bandarini, migodini, mashamba makubwa. Huko Australia malori makubwa ya migodi ya Rio Tinto yanajiendesha tangu 2008, kwa sababu mgodini hakuna anayefukuza bata.

Usije ukamwambia mpwa akimbilie malori ya masafa marefu akidhani huko ni salama. Urmson yuleyule sasa anaongoza kampuni ya Aurora, ambayo mwaka 2025 ilianza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston kwa malori yasiyo na dereva. Wiki chache baadaye walimrudisha mtu kwenye kiti, kwa ombi la mtengenezaji wa lori, ingawa walisema haendeshi. Barabara kuu ndefu na iliyonyooka ni rahisi kwa kompyuta kuliko Deira.

Kwa hiyo mpwa wako aje, kama karatasi ziko sawa na hakopi pesa nyingi kumlipa wakala. Ile ada ya wakala ndiyo ya kuogopa kuliko roboti: akikopa deni la kulipa miaka sita kwa kazi ambayo huenda ikawa imebadilika baada ya minne, ameumia. Akiwa bado Kisauni, kabla ya viza, asome ufundi wa magari ya umeme, betri na nyaya zake, kwa sababu teksi hizi karibu zote ni za umeme, na kila usiku zinarudi gereji kuchajiwa, kuoshwa, kupanguswa vile vihisi na kukaguliwa tairi. Kazi hiyo inafanywa na mtu. Na wewe, ukisimama tena na moja ya hizo kwenye taa, usilikatie mbele kulijaribu breki. Lina kamera pande zote, na namba yako ya teksi inasomeka.